Kompyuta ya Mwalimu Salehe Inanyamaza Kila Ikiwashwa

Jumatatu, 12 Mei

Dai langu ni hili, nami nitalitetea mbele ya yeyote: Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, inamfaa kila mtu wa mji huu, na inamfaa asiyeona kabla ya mwenye macho. Nimeliandika leo asubuhi kwenye kundi la mafundi wa kompyuta, aya nne kamili. Kibwana, mwenye duka la matengenezo karibu na stendi, akajibu mstari mmoja: "Msomi, tuandikie kama binadamu." Asiyesoma aya nne hastahili ya tano.

Ushahidi wangu ni Mwalimu Salehe. Anafundisha historia katika sekondari moja ya Raskazone. Haoni tangu utoto. Jana nilimwekea Linux kwenye kompyuta yake ya mkononi, pamoja na programu inayomsomea kwa sauti kila kilichomo kwenye skrini. Nilimkabidhi ikiwa imewaka, ikisema vizuri. Akaisikiliza, akatabasamu.

Saa kumi jioni amepiga simu. Aliizima jana usiku. Leo ameiwasha, haisemi.

Jumanne, 13 Mei

Nimekwenda kwake Mabawa baada ya alasiri. Sijapata ajira, kwa hiyo muda ninao. Hilo si suala la kujadiliwa hapa.

Shikamoo, marahaba, chai. Mkewe, Bi Rehema, ameniwekea vitumbua. Kadi ya sauti inaonekana. Spika zipo. Sauti imenyamazishwa tu kwenye mipangilio. Nikaifungulia, kompyuta ikasema. Dakika kumi. Nikawaeleza, kwa urefu kidogo, kwamba hiyo si hitilafu bali ni mpangilio. Mwalimu alisikiliza kwa adabu. Nilirudi nyumbani nimeridhika na nafsi yangu.

Baada ya isha, simu. Amezima, amewasha. Kimya.

Jumatano, 14 Mei

Nimejaribu kumwongoza kwa simu. Bi Rehema ndiye alikuwa macho yangu. Kiingereza hajui, akanisomea herufi moja moja, na asipoijua alama huiita kidude. Nusu saa tumefungua dirisha moja, nalo silo. Mwishowe akasema, "Mwanangu, njoo mwenyewe. Mimi nina mchele jikoni."

Mji huu hauna siri. Mchana Kibwana ameandika kundini: "Msomi, tumesikia mashine yako imefunga kusema. Itafuturu lini?" Wengi wakacheka. Nimeisoma mara tatu. Imeniuma kuliko inavyostahili.

Nilipofika Mabawa nimeelezwa jambo ambalo ningepaswa kuliuliza tangu mwanzo. Keshokutwa, Ijumaa, saa sita mchana, ndiyo mwisho wa walimu kuwasilisha mitihani ya muhula. Makamu mkuu wa shule amekwisha kumwambia Mwalimu kwamba asipokuwa tayari, atamtajia maswali mwalimu mwingine amchapie. Aliwahi kukubali, miaka ya nyuma. Maswali yakavuja kabla ya mtihani, na wa kwanza kuitwa ofisini alikuwa yeye. Tangu hapo mtihani wake huuandika mwenyewe, hakuna anayeuona kabla ya kuuchapa. Sasa ana maswali yote kichwani na kompyuta bubu mezani.

Nimehifadhi viwango vya sauti kwa amri inayostahili. Nimewasha upya. Kimya. Nimegundua mfumo unaweza kupeleka sauti kwenye waya wa televisheni badala ya spika, nikauzuia. Nimewasha upya. Kimya. Kila mara naifungulia kwa mkono, inasema. Kila ikiwashwa upya, inanyamaza.

Alhamisi, 15 Mei, mchana

Nimependekeza asiizime kabisa. Afunike tu, afunue, aendelee. Ni suluhisho la muda, lakini ni suluhisho.

Amekataa. Nyumba hii, kila mtu akimaliza kazi huzima na kuchomoa waya ukutani, hasa masika haya. Umeme hukatika na kurudi kwa kishindo. Friji yao iliungua hivyo. Betri ya kompyuta ni kuukuu, haidumu hata saa moja. Nikamjibu kwamba kukosa sauti ni kasoro ndogo, kompyuta yenyewe ni nzima. Hapo akanikatiza:

"Kwako wewe imenyamaza. Kwangu mimi imekufa. Nitajuaje hata kama imewaka?"



Nimesoma mengi juu ya programu huria na uhuru wa mtumiaji. Ningeweza kuhutubia hadi magharibi. Lakini kompyuta hii niliijaribu nikiitazama.

Nimebadilisha toleo la kiini cha Linux, ule moyo wa mfumo wenyewe. Kimya. Nimelaumu waliotengeneza kompyuta. Nimelaumu waandishi wa kiini. Nimeandika lalamiko refu, la Kiingereza kizuri, kwenye jukwaa la mtandaoni la watumiaji wa nchi za nje. Mtu mmoja amejibu kwa swali: je, akaunti nyingine ya mtumiaji kwenye kompyuta hiyo hiyo ina tatizo hilo? Nimeudhika. Hilo ni swali la kumuuliza mwanagenzi.

Mwalimu anakaa kitandani akirudia maswali kwa sauti ya chini, asiyasahau.

Alhamisi, 15 Mei, jioni

Nimelifanyia kazi swali la mwanagenzi. Nimefungua akaunti ya pili, tupu. Nimewasha upya. Imesema. Mara tatu nimewasha, mara tatu imesema.

Basi si kadi ya sauti. Si kiini. Si waya wa televisheni. Tatizo limo ndani ya akaunti ya Mwalimu. Na akaunti ya Mwalimu mipangilio yake yote nilinakili kutoka kwangu.

Nimepekua faili moja moja. Kwenye folda ya vitu vinavyojianzisha vyenyewe nimeikuta faili ya mstari mmoja: nyamazisha sauti yote. Nimeiandika mimi.

Nimekumbuka na siku. Ilikuwa khitma ya marehemu babu, nyumbani kwetu, watu wamejaa ukumbini, Yasini inasomwa. Binamu yangu aliiwasha kompyuta yangu atafute picha ya marehemu. Ikajifungulia wimbo wa taarabu niliouacha, kwa sauti ya juu kabisa. Ami yangu aligeuka akanitazama. Siku ile ile nikaandika ule mstari, ili kompyuta yangu isiwake tena na sauti mbele za watu. Kisha nikausahau. Jumapili nikauhamishia kwa Mwalimu pamoja na vyote vyangu, kwa sababu niliamini hakuna mpangilio bora kuliko wangu. Siku nne nzima kompyuta ilikuwa ikinitii.

Nimefuta faili. Nimewasha upya mara tano. Mara zote tano imesema.

Nilitamani kusema "imepona" na kuondoka. Hakuna ambaye angejua. Nimevaa viatu, nikavivua, nikarudi ndani, nikamweleza Mwalimu kila kitu, pamoja na khitma na taarabu.

"Kwa hiyo ulinipa mashine yenye adabu za msibani," akasema.

Bi Rehema alicheka hadi akashika mlango. Mwalimu akaniomba, kwa adabu, nitoke chumbani. Ana mtihani wa kuandika, na sharti ni kwamba hakuna anayeusikia.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua tangu alfajiri. Mwalimu amewasilisha mtihani saa nne asubuhi, umechapwa, mkononi mwake mwenyewe. Amenipigia baada ya swala ya Ijumaa kunijulisha. Sentensi mbili. Hakunisifu, wala sikutarajia.

Leo asubuhi nilijifunga kitambaa machoni nikajaribu kuandika barua fupi kwenye kompyuta yangu mwenyewe, ile niliyoipanga kwa mkono wangu na kuiita kamili. Nimeshindwa hata kuifungua sehemu ya kuandikia. Nilikivua kitambaa kabla chai haijapoa.

Kundini nimetuma aya moja tu. Nimesema kosa lilikuwa langu, nikalieleza. Nimesema dai langu bado lipo, isipokuwa nimeliongezea sharti: Linux haimfai asiyeona mpaka aliyeiweka awe ameiwasha na kuitumia yeye mwenyewe bila kuiona. Kibwana ameniandikia pembeni, mimi peke yangu, kwamba nimefanya uungwana. Nimemshukuru, na nimemwomba aliandike hilo mbele ya wenzetu. Kisha nimeongeza kundini mistari hii, nayo nainakili hapa kama nilivyoituma:

"Ninawauliza mafundi wote wa mji huu, nami nimo. Ni nani kati yetu amewahi kuijaribu kompyuta ya mteja asiyeona, yeye mwenyewe akiwa amefumba macho, kabla ya kumkabidhi? Jibuni hapa, kwa majina yenu, si pembeni."