Betri Ndogo na Majoho Arobaini

3 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na zile ngazi? Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia tangu uliponiambia chuo cha uuguzi kimekupa kazi ya kushona majoho arobaini ya mahafali. Arobaini, mama, baada ya miaka yote ya kupunguzia watu viuno vya suruali. Lakini umeme ukiendelea kukatika hivyo, kazi itahamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo nimekununulia betri ya kubebeka, ile yenye soketi kama za ukutani. Zilikuwa mbili. Kubwa ina magurudumu na kilo thelathini. Ndogo unaishika mkononi kama kikapu. Nilipiga hesabu mpaka muuzaji akaniletea kiti. Cherehani yako wati tisini, taa wati tisa. Ndogo inatoa mia tatu. Inatosha na kubaki. Nimeituma leo.

Mwanao

14 Mei

Profesa wangu,

Marahaba. Goti linalalamika kwa niaba yangu. Betri imefika. Fundi viatu wa ghorofa ya chini kaitazama, kasema, "Mama, hiki si kisanduku cha chakula?" Nikachomeka cherehani, ikanguruma mtaa mzima ukiwa hauna umeme. Nilicheka peke yangu. Kisha nikachomeka pasi. Betri ikalia mara moja, ikazima. Wewe uliyekulia chini ya meza yangu, lini uliniona nikishona mshono wa pili kabla sijaupiga pasi wa kwanza?

Mama yako

20 Mei

Shikamoo mama,

Nina kovu la pasi hiyo kwenye kiwiko, na bado nimeisahau. Inakula wati elfu moja na mia mbili. Duka limekubali kubadilisha. Kubwa itafika siku mbili kabla ya mahafali. Nani ataipandisha ngazi, sijui. Nijibu upesi, hata neno moja.

Mwanao mjinga

29 Mei

Shikamoo mama. Duka linasubiri jibu lako. Niitume au nisiitume?

Mwanao

12 Juni

Mwanangu,

Marahaba zote mbili. Nisamehe, mikono haikuwa na nafasi ya kalamu. Unaikumbuka pasi ya mkaa ya bibi yako, tuliyozuilia mlango? Nimeisugua. Mkaa ukapiga pasi, betri ikashona. Fundi viatu alipepea makaa, sasa anajiita mhandisi.

Siku ya kukabidhi majoho chuoni, ya wahitimu saba yakawa yanafagia sakafu. Umeme hakuna, mkuu wa chuo anatazama saa. Mimi nimeshika betri, mhandisi kabeba cherehani. Nikawakunjia pindo palepale uani, wamepanga foleni peku, wanacheka. Ingekuwa ile kubwa, ingekwama ngazini na mimi chini yake.

Mkuu kanipa majoho mia moja na ishirini ya mwakani, na chumba cha chini hapo chuoni cha kushonea. Hakina ngazi hata moja. Sasa tuzungumze kuhusu hiyo kubwa. Ila safari hii usianze na wati. Anza kwa kuniuliza.

Mama yako