Feni Iliyokata Fyuzi, na Mama Aliyesema Atapanda Basi

Manyamanyama, Jumapili jioni. Mvua imekatika sasa hivi, bati bado linadondosha. Nimekaa mlangoni na kikombe cha chai, nacheka peke yangu kama mtu aliyechanganyikiwa.

Leo najivuna. Naandika hivyo bila aibu.

Kigari changu nilikipata kwa kushona nguo za watu hapa Bunda. Mvua zilipoanza, feni ya hita ikagoma. Utauliza, hita ya nini na joto hili la Mara? Hata mimi sikuwaga naijali. Lakini feni hiyo hiyo ndiyo inayopuliza hewa kwenye kioo cha mbele. Mvua ikinyesha, madirisha yakafungwa na watu wakapumua humo ndani, kioo kinajaa ukungu. Bila feni huoni kitu.

Mwezi uliopita nilikuwa namrudisha Mama kwake Butiama kutoka Musoma. Mvua kubwa. Mama anafuta kioo kwa kanga, mimi nainama kutafuta njia. Ghafla ng'ombe huyu hapa, katikati ya barabara. Nilikanyaga breki, gari likasimama karibu na mbavu zake kabisa. Mama hakupiga kelele. Tulipofika kwake akashuka taratibu, akafunga mlango, akasema kwa upole, "Bhoke mwanangu, siku nyingine nitapanda basi."

Ule upole ndio ulioniuma.

Nikakuta fyuzi ya feni imekatika, nikaweka mpya. Nilipowasha tu feni, ikakatika. Nikaweka nyingine, nayo ikaenda. Hamisi, fundi wetu wa mtaani, akaja kuangalia.

"Dada, tuweke fyuzi kubwa zaidi. Haitakatika tena."

"Na waya zikipata moto?"

"Wengi huwaga wanafanya hivyo, mbona wanatembea."

Nilimshukuru, nikakataa. Fyuzi haikatiki kwa kiburi. Ukiilazimisha isikatike, kitaungua kitu kingine, na Mama yuko ndani.

Katikati ya wiki kaka yangu Magesa akapiga simu kutoka Musoma. Mtoto wake anabatizwa Jumapili. "Mama nimeshamwambia apande basi la asubuhi," akasema.

"Nitamleta mimi."

"Kwa mvua hizi, dada?"

Nilikuwa nimeshaahidi na feni bado imekufa.

Kesho yake nilifunga duka mapema, nikapiga magoti kwenye gari upande wa abiria. Feni yenyewe iko huko chini, nyuma ya kidroo cha dashibodi. Nikachomoa waya wake, nikaweka fyuzi mpya, nikawasha. Fyuzi haikukatika. Nikazima, nikawasha tena. Nzima.

Kumbe waya za gari hazina kosa. Kosa liko kwenye feni.

Hapo nikakumbuka cherehani yangu ya umeme. Uzi ukijazana chini, mota inanguruma, inapata moto, na usipoizima inaungua. Kitu kinachozuiwa kuzunguka kinavuta umeme mwingi. Je, kama feni nayo imezuiwa?

Skrubu zilikuwa tatu. Ya mwisho ilijificha pabaya, ikaondoka na ngozi ya vidole vyangu. Feni ikaniangukia mapajani, na pamoja nayo pamba.

Pamba! Msimu uliopita nilimbebea mjomba magunia ya pamba kuleta Bunda. Panya wakaokota mabaki, wakajijengea nyumba ndani ya feni yangu, tena wamepamba kwa maganda ya mahindi na vipande vya vitenge kutoka dukani kwangu. Wenyewe walikuwa wameshahama. Nilicheka mpaka jirani akaja kuchungulia.

Nikang'oa yote, nikafuta, nikatia tone la mafuta kwenye ekseli yake. Nikaisukuma kwa kidole. Ikazunguka, ikaendelea kuzunguka.

Nikarudisha kila kitu, nikawasha. Hewa ikaja na harufu ya panya. Nikaipeleka hadi kasi ya mwisho, nikaiacha ikinguruma huku nafagia gari zima. Nikagusa waya: za baridi. Fyuzi nzima.

Leo mvua imeanza alfajiri. Nilipofika Butiama Mama alikuwa mlangoni na mkoba wake, tayari kwenda stendi.

"Umekuja na hicho?"

"Nimekitengeneza, Mama."

"Nani amekitengeneza?"

"Mimi."

Aliniangalia muda mrefu, halafu akapanda. Kanga ameishika mkononi, tayari kufuta. Nikawasha feni. Ukungu ukaanza kuondoka kutoka chini ya kioo, ukapanda, ukaisha. Barabara yote nikaiona. Mvua ilitupiga kwelikweli, lakini kioo kilibaki safi. Mama akashusha kanga mapajani, nami nikamsimulia habari za panya. Baadaye nikasikia kitu kama gari linakoroma, nikashtuka, nikageuka.

Ni Mama. Amelala fofofo.

Sijawahi kusifiwa vile.

Baada ya ubatizo na chakula, Magesa akamwambia Mama kuna jirani mwenye gari kubwa anapita Butiama, atamsogeza. Mama alikuwa ananawa mikono. Hakuinua hata kichwa.

"Nitarudi na Bhoke. Gari lake amelifungua mwenyewe, akatoa panya na nyumba yao."

Akina mama wakacheka. Mimi niliinamia sahani yangu ili wasinione uso.

Jioni tulipofika kwake mvua ilikuwa imepungua. Nikasubiri ashuke. Hakushuka. Alikunja kanga yake vizuri, akaitia mkobani, ndipo akauliza, "Ijumaa una kazi nyingi? Nataka kwenda Bugwema kumsalimia shangazi yako."

Kesho nina nguo za watu za kushona. Ijumaa nina abiria.