Tumbo la Mama Wafula

Baba,

Leo nina majivuno, na usinikemee. Mama Wafula, jirani yetu wa Jericho, tumbo lake limefunguka, na mikono iliyolifungua ni hii yangu.

Unajua kwa nini jina hilo lanitoka kwa taabu. Ulipofungwa tumbo, mimi niko kidato cha pili, yeye ndiye aliyekuletea haluli, ile dawa ya kuharisha. "Baba Mueni, kunywa hii, kesho utakuwa mzima." Ukanywa kwa adabu tu. Kumbe utumbo umeziba kabisa. Ukapasuka, nasi tukakuzika. Tangu hapo nimekuwa nikimwamkia huku nimeuma meno.

Jumatatu akaletwa wodini kwetu, tumbo limevimba kama ngoma, anatapika kijani. Nikamuuliza amekunywa nini. "Hata maji sijanywa, daktari. Tangu baba yako, haluli haijaingia kwangu." Akageukia ukutani. Aki Baba, alijua! Miaka yote hiyo amelibeba peke yake.

Bosi wangu alitaka tumpasue toka juu hadi chini. Nikaomba kamera: vijitundu vitatu tu, unachungulia ndani kwenye televisheni. Akasema, "Ukishindwa, tunapasua." Sikuwa nikibahatisha. Nimefanya mazoezi miezi mingi kwa katoni ya biskuti niliyoitoboa na kutia matumbo ya mbuzi ndani. Muuza nyama wa sokoni anadhani nina uchu wa mutura, ile soseji ya utumbo na damu.

Nikachungulia. Kovu la upasuaji wa zamani lilikuwa limefanya kamba nyembamba, imenyonga utumbo hadi umekuwa zambarau. Nikataka kuikata upesi. Nikakusikia ukinifokea kama ulipokuwa ukinifundisha kuchonga kinyago cha twiga: "Kisu hakina haraka, ni wewe uliye na haraka." Nikakata polepole. Kamba ikaachia. Tukangoja. Utumbo ukarudi pinki, Baba, tukiuona! Bosi akasema tu, "Haya, funga."

Leo asubuhi amejamba. Wodi nzima imesikia, naye akavuta blanketi kwa haya. Hajui kwamba hicho ndicho tulichokuwa tukingojea, njia imefunguka. Nilicheka hadi nikalia. Nikamshika mkono nikamwambia, "Mama, wakati ule hukujua. Nasi hatukujua." Akalia kwa sauti, mimi naye.

Pumzika, Baba yangu. Akiruhusiwa nitampeleka nyumbani mwenyewe, nami nitaketi mezani kwake nile ugali hadi nishibe. Nakuahidi.

Binti yako,
Daktari Mueni