Ufunguo wa Yule Mhehe

Mdogo wangu Albano,

Tumsifu Yesu Kristu. Hujambo wewe, shemeji hajambo, watoto hawajambo? Kama hamjambo, vizuri. Mie sijambo, tena mzima kuliko wewe, maana nasikia unameza vidonge vya presha na mie mkubwa wako sijui hata rangi yake. Anwani hapo juu sijaandika kwa makusudi, ukisoma utaijua.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, mie niliyeishia darasa la nne, kwa sababu ile meseji yako imenifikia. Yustina mke wangu alinisomea, nikamwambia arudie, nilidhani anaongeza yake. Kumbe ni wewe. Unaniandikia mimi, Kasimiri, kwamba nazuia maiti ya mama wa watu. Kwamba nimekuwa mzee wa ovyo. Kwamba ukoo unaona aibu. Wewe, ambaye baiskeli nilikufundisha mimi ukaishia kwenye mahindi ya padri! Ningeweza kupiga simu, lakini wewe kwenye simu humwachi mtu amalize. Karatasi huwezi kuikatiza. Kwa hiyo kaa chini, vaa miwani, soma mpaka mwisho, na shemeji asikusomee kwa kurukaruka.

Kwanza jua chanzo, maana wewe umekaa Boko na habari za Chamazi unaletewa na wapita njia. Isuzu yangu unaijua. Ilikuwa imesimama kwenye yadi yetu ya malori, mahali pake, ubavuni mwa banda la mama lishe, ambapo hata mgeni anaambiwa hapo ni pa Kasimiri. Niliiegesha mwenyewe, tairi zimenyooka kama askari wa gwaride. Mie nikiegesha gari, madereva wa matela wanasimamaga kutazama, uliza mtu yeyote. Nimekaa nakunywa chai yangu. Akaja huyo Wilbert, Mhehe wa Ifunda, na Fuso la tajiri wake lililotoka kushusha viazi. Akarudi nyuma. Hakushuka kuangalia, hakuomba mtu amwongoze, karudi tu kama anarudi kitandani kwake. Mkia wa Fuso ukaingia usoni mwa Isuzu. Shoo, lile bati la mbele, ikakunjika, taa zikamwagika chini, kioo cha pembeni kikabaki kinaning'inia kama sikio la mbuzi aliyeponea kwa mbwa.

Hilo ningelisamehe. Usigune, ningelisamehe. Malori yanagongana yadi kila mara na polisi hatujawahi kuwaita. Tuna desturi yetu. Ukimgonga mwenzio aliyesimama, unashuka, unamkabidhi ufunguo wako mkononi mbele ya watu. Anakaa nao. Gari lako halitoki mpaka roho yake itulie, na ikitulia anakurudishia mkononi vilevile, mnakunywa soda, yamekwisha. Hapo katikati mtu mwingine haugusi, hata tajiri mwenye gari. Wilbert alishuka akanipa ufunguo, kwa hilo simsemi.

Lakini alinipa anacheka! Akapaza sauti yadi nzima isikie, kwamba Mngoni kosa ni lako, babu zako walipona kwa kuwakimbia babu zetu vitani, sasa wewe nani kakufundisha kusimama? Watu walicheka mpaka mama lishe akamwaga mchuzi. Hata Anwar, mwenyekiti wa yadi, mtu mzima aliyehiji, alishika mbavu. Na Isuzu yangu iko pale imetoka meno.

Nikamwambia anitake radhi. Akasema mtani hamtaki radhi mtani, ingekuwa hivyo Wangoni na Wahehe wangekuwa mpaka leo wanapanga foleni kuombana msamaha. Kesho yake akaleta fundi, shoo ikanyooshwa, taa na kioo vikafungwa vipya. Nikamwambia gari limepona, mie bado. Aniambie kama mtu mzima anavyomwambia mtu mzima, nisamehe mzee, bila jino hata moja kuonekana. Alijaribu. Alisimama mbele yangu, akakaza uso, akaanza nisamehe, na alipofika kwenye mzee akapasuka, akasema nikinuna nafanana na Isuzu kabla ya fundi. Nikautia ufunguo mfukoni, mfuko nikaubana kwa pini. Nikaapa mbele ya wote kwamba ufunguo huo hautaingia mkononi mwa Wilbert mpaka aniombe radhi kama watu.

Haikupita muda, mama yake akafa. Alikuwa kaletwa mjini kutibiwa, anakaa kwa Wilbert huko Mbande. Tajiri akasema mwili usafirishwe kwao Ifunda na Fuso lile, na gari la kukodi hawana uwezo nalo. Msinipigie kelele za ufunguo wa akiba, lori kuukuu lile lina ufunguo mmoja tu na ulikuwa kwenye suruali yangu. Anwar akaja nyumbani, akakaa, akaongea maneno marefu ya dini mbili kwa pamoja, nikamwambia ninachotaka ni maneno mawili tu ya yule kijana. Yustina akaacha kusema na mimi. Chakula kikawa kinawekwa mbele yangu kama cha mahabusu. Ndipo ikaingia meseji yako, mtu wa Boko, umekaa kwenye kochi unaamua mambo ya yadi.

Msibani nilikwenda, ndiyo. Lakini usijidanganye kwamba ni kwa meseji yako. Nilikwenda kumvua nguo mbele ya jamaa zake. Nilipita katikati ya mikeka mpaka kwenye jeneza, nikamwambia marehemu kwamba mama, umezaa mwanamume hajui kurudi nyuma, ulimfundisha kutembea mbele ukachoka? Nikasema hapa hatoki mtu, aliyekufa atakaa na aliye hai atakaa, mpaka Mhehe huyu apate adabu. Kisha nikakaa mlangoni, miguu nimeitandaza njia nzima. Albano, nilisema kwa hasira ya kweli. Mate yalikuwa yananitoka.

Wakacheka! Wanawake waliokuwa wanalia tangu asubuhi wakacheka, halafu wakalia upya, vizuri zaidi. Shangazi mmoja akanifunga kanga kiunoni, akasema mtani kafika, sie tulidhani Wangoni wameshakwisha Dar es Salaam. Nikawaambia sitanii. Wakazidi. Nikasema ufunguo ninao mimi na sitoi, wakanirushia sarafu, wakasema mtani alipwe apishe njia. Mzee wao mmoja akanishukuru, akasema siku hizi watani wa mjini hawajui kazi yao ya kuzuia maiti na kuchekesha wafiwa, ila mimi ni mtani wa zamani. Mtu anamwaga sumu yake yote, watu wanamwitikia kama kwaya!

Na yule Wilbert, waliniambia alikuwa hajalia wala kula tangu mama yake akate roho, amekaa tu kama gogo. Alinitazama, akacheka kidogo, kisha akanishika shingoni akalia mpaka shati langu likalowa begani. Akasema asante mtani. Asante ya nini? Nilikuwa namtukana!

Sasa hapa soma taratibu.

Nimesema niliapa, na mie silambi mate yangu. Ufunguo haukuingia mkononi mwa Wilbert. Nilitoa pini, nikapanda Fuso, nikaliwasha mwenyewe. Mama wa watu nimemleta mimi mpaka kwao. Naandika barua hii Ifunda, na atakayekuletea ni dereva wa basi anayekwenda mjini. Kwa hiyo hiyo meseji yako ya kuzuia maiti itafute uifute. Na mlima Kitonga nimeupanda na jeneza na waombolezaji nyuma bila hata mmoja kuyumba, mabasi ya vijana wenu yananipisha. Umri huu! Wewe kutoka Boko kwenda Tegeta unashuka kupumzika.

Tumezika vizuri. Baridi ya huku ni ya kuua nyoka.

Kuna jambo limebaki, na Yustina sijamwambia, na wewe ukimwambia tutakosana zaidi ya hapa. Tulipopita Mikumi, Wilbert alikuwa kakaa kando yangu. Hakuna mtu mwingine mle mbele. Akasema, nisamehe mzee. Hakucheka. Jino halikuonekana. Aliyasema maneno yote mawili kama nilivyotaka, tena akaongeza kwamba alinivunjia heshima mbele za watu na mama yake angekuwa hai angemchapa. Ndicho nilichokuwa nakidai, si ndiyo? Nilikipata chote. Nikasikia kama mtu kanipokonya kitu. Sauti ile haikuwa yake. Ilikuwa ya mtoto wa watu ambaye hana tena mama. Nikamwambia anyamaze. Nikamwambia, nitukane. Akasema hapana mzee. Nikamwambia babu zangu walikimbia, si unajua, wewe mwenyewe ulisema? Akasema, walikuwa wanaume mashujaa, mzee. Albano, nilikaribia kusimamisha gari.

Mpaka leo hajanitukana. Kila asubuhi shikamoo. Ananiletea maji ya moto ya kunawa, ananiita baba mbele ya wajomba zake. Nimemchokoza kila namna. Nimesema viazi vyao ni kama vinyesi vya mbuzi, nimesema ukungu wao ni wa kujificha waoga, anajibu ni kweli baba. Nimekwenda kumkabidhi ufunguo mbele ya wajomba wote, kama desturi inavyotaka, neno lake si nimelipata. Akaukunja mkononi mwangu akasema kaa nao, mpaka roho yako itulie. Kwa upole! Roho yangu itatulia vipi na mtu mpole?

Wao wanadhani nimebaki kwa upendo. Nimebaki kwa sababu siwezi kuondoka na mtu nimemwacha hivyo.

Kwa hiyo uje. Sikubembelezi, na bado wewe ni mpumbavu, na maneno uliyoniandikia nitayakumbuka mpaka kaburini. Lakini wewe ni Mngoni, una lile tumbo, una huo mwendo wa bata, na baiskeli mpaka leo hujui. Panda basi ushuke Ifunda stendi. Mie nitakuja na Fuso kukupokea, yeye kakaa kando. Akiona Wangoni wawili kwa pamoja, labda atashindwa kujizuia.

Msalimie shemeji na watoto. Mwambie Yustina nakula vizuri, usiseme zaidi. Uje na sweta langu la kijani, na usivae miwani ya jua, nataka aione sura yako yote.

Ni mimi mkubwa wako, utake usitake,

Kasimiri Komba
Dereva