Gari Linalogoma Mwenyewe Akilewa

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie maana nimebeba siri ya watu na inaniharibia kazi. Mimi ni fundi magari, wananiita Spana, na nina mteja wa miaka mingi, muuza mbao, mtu mwema kabisa, lakini siku za mapumziko huanza kunywa nyumbani tangu mchana na akishakolea hakai, anataka funguo, anataka barabara, na Jumapili moja aliwapakia watoto kuwapeleka kwa bibi yao akaparamia nao ukingo wa daraja, Mungu tu aliwashika. Tangu hapo gari likapata ugonjwa wa ajabu, akiwa mzima linawaka, akilewa haliwaki, nikabadilisha betri, nikasafisha plagi, nikaliota gari lenyewe usingizini, mpaka siku moja nikaitwa kwake, nikafungua boksi la fyuzi nikakuta fyuzi ya pampu ya mafuta haipo, na bila hiyo gari haliwaki, kugeuka, mkewe kasimama nyuma yangu na kopo lake la vifungo, fyuzi imo ndani, ni fundi cherehani yule, akaniambia taratibu, "Fundi, nilikuona siku moja ukiibadilisha hii, nikashika namna. Akinywa naitoa, pombe ikimtoka kichwani nairudisha. Analitukana gari, halafu analala." Mshauri, nilitamani kumvulia kofia, nikanyamaza. Sasa mzee anawatangazia watu kwamba Spana hajui kazi, wateja wawili wamehamisha magari yao, na baya zaidi amepata mnunuzi, wiki hii anauza hili "lenye mkosi" anunue la kisasa ambalo mkewe hatajua hata pa kuanzia. Nikisema namsaliti mama huyo, nikinyamaza watoto wanarudi hatarini. Nifanyeje?

Marahaba, fundi.

Kwanza mfikishie huyo mama salamu zangu, maana barua yako nimeisoma mara mbili kwa kumfurahia yeye tu. Mwingine angelia, angeita kikao cha ukoo, angeficha funguo zikatafutwa kwa ugomvi nyumba nzima. Yeye kaangalia mkono wa fundi mara moja, kaondoa kitu kidogo kama kifungo cha shati, na wanawe wako hai. Nampenda bure.

Sasa wewe. Wateja wawili wamekuuma, siyo? Pole, lakini usinichanganyie wateja na roho za watu. Kunyamaza kulikuwa na kazi yake, na kazi hiyo imekwisha. Ujanja wa mama unafaa gari hili, tena likiwa uani kwake. Mzee akilewa kwa rafiki yake je? Mficha maradhi kilio humfichua.

Anza na mama, siri ni yake, umwombe ruhusa. Akikubali, nendeni asubuhi, chupa haijafunguliwa na gari halijauzwa, na mchukueni mtu mzima wa ukoo ambaye mzee humsikiliza, mama asibebe maneno hayo peke yake. Mwambieni yote. Kisha daini jambo moja: siku ya kunywa, funguo za gari lolote zinakaa kwa mkewe kabla ya glasi ya kwanza, siyo baada ya ya tatu, maana mlevi hujiona yuko sawa. Akitaka kutoka aitiwe dereva. Pombe ikimshinda kabisa, hospitali zipo, apelekwe bila kuchekwa.

Atafoka, mwacheni afoke. Akimaliza atakuuliza gari lake lilikuwa na nini siku zote hizo. Mjibu kama fundi: "Gari lako zima, mzee. Mbovu ni dereva."