Limi Akisema Baba, Nani Aitike

Baba Limi wangu,

Mwenzako mnayechimba naye dhahabu huko Segese alipita hapa Ushirombo, akasema amekuona sokoni, mzima, unacheka. Nikamshukuru Mungu. Kisha nikakasirika.

Unakumbuka Limi alivyoanza kutoa sauti? Wewe Mzinza ulimpakata ukawa unamfundisha kumwita baba kwa Kizinza, "Sema tata, mama. Sema tata." Akakukodolea macho: "Ba-ba." Nikakuchokoza, "Umeona? Mtoto Msukuma huyo, kwetu tunasema baba!" Ukajibu, "Nyie mnaloga tangu tumboni." Tulicheka mpaka mayu aliyenizaa akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Na yule Mchina wa mashine ya kusaga mawe pale Katoro, alipomsikia alijipiga kifua: "China pia baba! Sawasawa!" Siku nzima ukatangaza kwamba mwanao anajua Kichina.

Siku hizi neno hilo linanichosha. Analisema kwa bodaboda, kwa muuza maji, hata kwa mbuzi. Kliniki alimwita daktari hivyo, nikaona aibu. Yule mzee alisomea Urusi, akacheka tu. "Kwa Warusi baba ni bibi kizee. Kwa Waturuki ni baba kama kwetu. Hakuna aliyemwazima mwenzake, mama. Ni midomo ya watoto, inafunga na kufungua. Wakubwa ndio wanaodaka, kila mmoja anasema, ananiita mimi."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo, mtoto mgongoni. Kumbe Limi hakukuita. Uliitika, ndiyo maana neno likawa lako. Sasa simu yako haipatikani, na mtoto hawezi kuita hewani miezi yote hii. Mjomba wake ameanza kumwitikia, "Naam, mama," na yeye anamkimbilia. Mwanzoni nilimkataza kaka. Nimeacha.

Sikulaumu kwa kutafuta. Usipopata kitu, rudi hivyo hivyo na vumbi lako, ugali upo. Ila usinitumie salamu kwa watu, njoo mwenyewe. Na sitamwonyesha picha nikimwambia baba ni huyu. Picha haiitiki.

Jana asubuhi aliamka, akatazama mlango, akasema, "Baba?" Kaka alikuwa shambani. Nikaendelea kuwasha moto, nikidhani atasahau. Akarudia, safari hii sauti ikielekea kilio.

Nikaitika mimi.

Mkeo,
Mama Limi