Ngome Iliyotiwa Piko

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu zikukute mzima huko Nairobi. Sisi hatujambo, babu yako amepona kikohozi na amerudia ubishi wake.

Umeniuliza kama jalada la kitabu cha mchezo wenu wa kujifanya mashujaa laweza kuchanganya mchoro wa kompyuta na wa mkono. Laweza.

Miaka ya themanini, nimetoka shule na haya tele, nilifagia ofisi ya hoteli Watamu. Mgeni mmoja alikuwa akitunga mchezo kama wenu. Ngome aliyoichora kwa kompyuta ikatoka karatasini na kingo za ngazi ngazi. Akaitupa, akasema jalada limemshinda.

Nikaiokota. Zile ngazi niliziona kama ukili wa mkeka. Nikachukua piko, ile rangi nyeusi ya kuwapambia maharusi.

"Piko?" mpishi Kazungu akacheka. "Kwani ngome hiyo yaolewa lini?"

Sikuzificha ngazi. Nilizifuata moja moja, nikazitia nakshi za ukili, na juu nikachora joka.

Mgeni akaikuta mezani. "Nani kachora?"

Nilikuwa nyuma ya mlango. Nikatoka.

"Mimi. Mwanaisha, wa Mambrui."

Jalada likapigwa chapa vile vile, na jina langu chini yake. Nawe andika lako.

Bibi yako,
Mwanaisha